Uzi wa namba 4,294,967,295: vigawo vyake vitano, na jirani yake aliyemwangusha Fermat

Tarakimu (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa namba moja tu: 4,294,967,295. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, mia tisa sitini na saba elfu, mia mbili tisini na tano. Wanaoshinda kwenye kompyuta wameshakutana nayo, na wengi huipita wakijua ni kikomo cha biti 32, basi. Kwangu mimi hii ni moja ya namba tamu kuliko zote zilizo chini ya bilioni kumi, na nataka tuichambue hadi kwenye mifupa.

Kwanza tuivunje. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 57, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, ila si kwa 9. Ukiendelea kwa kubahatisha utachoka njiani, maana vigawo vinavyofuata viko mbali. Njia ya mkato ni kutambua kwamba namba hii ni 2^32 toa 1, halafu kukumbuka tofauti ya miraba miwili ya darasani: a² − b² = (a − b)(a + b).

2^32 − 1 = (2^16 − 1)(2^16 + 1) = 65,535 × 65,537

65,535 nayo ni 2^16 − 1, kwa hiyo inavunjika vilevile: 255 × 257. Kisha 255 ni 15 × 17, na 15 ni 3 × 5. Mwisho wa kuvunja tunapata:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Vyote vitano ni namba tasa na hakuna kilichojirudia. Halafu viangalieni vizuri: 2 + 1, 4 + 1, 16 + 1, 256 + 1, 65,536 + 1. Kila kimoja ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo fulani kisha ikaongezwa moja, na vipeo hivyo ni 1, 2, 4, 8, 16. Huo mpangilio ndio roho ya uzi huu.

Linganisheni na 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647. Hiyo ni tasa, na mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772. Izidishe kwa mbili, ongeza moja, umefika kwenye namba yetu. Hatua moja tu ya kuzidisha, na namba isiyovunjika kabisa imegeuka kuwa namba inayoachia kila kiungo.

Biti32

Mkuu, shukrani kwa uzi. Nichangie upande ninaoujua halafu niwaachie wenye hisabati zao.

Ukiiandika namba hii kwa mfumo wa tarakimu mbili, unapata moja thelathini na mbili zilizofuatana, bila sifuri hata moja katikati. Kwa hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 endapo huhifadhi alama ya hasi. Ukiiongezea 1, biti zote zinarudi sifuri. Ndiyo sababu ndani ya kompyuta hiyohiyo 4,294,967,295 inaweza kusomwa kama −1: ni kitu ambacho ukikijumlisha na 1 unapata sifuri. Programu inayotoa 1 kwenye 0 bila mwandishi wake kuangalia aina ya namba aliyotumia, itamtolea bilioni nne na ushee.

Anwani za IPv4, zile za kutambulisha kompyuta kwenye mtandao, nazo ni biti 32. Ya mwisho kabisa ni 255.255.255.255, na ukiisoma kama namba moja ni hii hii. Mwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 atakuwa ameshakataliwa kunakili faili kubwa: faili moja humo haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Kuna na saa. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Ikihesabu kwa biti 32 bila alama ya hasi, sekunde ya 4,294,967,295 itaangukia tarehe 7 Februari 2106, 06:28:15 UTC. Mifumo inayotunza alama ya hasi itafika ukingoni mapema zaidi, tarehe 19 Januari 2038, kwenye ile 2,147,483,647 aliyoitaja mkuu hapo juu.

Kimoja kati ya vile vigawo vitano kinafanya kazi kila siku kwenye usimbaji wa siri: 65,537. Ndicho kipeo kinachotumika zaidi kwenye funguo za umma za RSA. Kwa tarakimu mbili kina moja mbili tu, kwenye ncha zake. Kwa hiyo kupandisha namba kwenye kipeo hicho kunataka kuipigia mraba mara 16 na kuzidisha mara moja, imekwisha.

Tarakimu

Asante Biti32. Sasa nirudi kwenye ule mpangilio wa vigawo.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa, aliwaandikia wenzake kuhusu namba za aina hii: chukua 2, ipandishe kwenye kipeo ambacho chenyewe ni kipeo cha 2, kisha ongeza 1. Tukiziita F0, F1, F2 na kuendelea, tunapata 3, 5, 17, 257, 65,537, na ya sita, F5, ni 2^32 + 1 = 4,294,967,297. Fermat aliona tano za mwanzo ni tasa, akaamini zote ni tasa, akakiri kwamba uthibitisho hana.

Namba yetu ni zile tano za mwanzo zilizozidishwa pamoja, na F5 iko mbele yake kwa mbili tu. Hilo linatokea kwenye kila hatua: zidisha namba zote za Fermat zilizotangulia, ongeza 2, unapata inayofuata. 3 + 2 = 5. 3 × 5 + 2 = 17. 3 × 5 × 17 + 2 = 257. Sababu ni ileile tofauti ya miraba miwili, mara hii ukiisoma kutoka chini kwenda juu.

Kutoka hapo kuna hoja ambayo mwanahisabati Goldbach alimwandikia Euler mwaka 1730, na mimi naipenda kuliko hoja nyingi ndefu. Chukua namba mbili zozote za Fermat. Kigawo chochote wanachoshiriki kitaigawa ile kubwa, na kitaigawa pia zao la zote zilizotangulia, kwa kuwa ile ndogo imo humo. Kwa hiyo kitagawa tofauti yao, ambayo ni 2. Lakini namba za Fermat zote ni witiri, hivyo 2 haiwezi kuwa kigawo. Kinachobaki ni 1. Maana yake kila namba ya Fermat inakuja na namba tasa zake mpya, zisizokuwepo kwenye yoyote iliyotangulia, na kwa kuwa namba za Fermat hazina mwisho, namba tasa nazo hazina mwisho.

Msomaji_Kimya

Wakuu, nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Kichwa kinasema jirani alimwangusha Fermat. Jirani mwenyewe ni hiyo 4,294,967,297? Ilijulikanaje si tasa, enzi ambazo hakukuwa na kompyuta? Kama ilikuwa ni kujaribu kila namba tasa, mtu angezeekea mezani.

Tarakimu

Ndiyo hiyo, ndugu. Na swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Hakujaribu kila namba tasa. Alijiuliza kwanza: kama namba tasa p inaigawa 2^32 + 1, lazima p iweje? Fuatilia. Kwa mabaki ya kugawanya kwa p, 2^32 ni sawa na −1. Ukipiga mraba, 2^64 ni sawa na 1. Kwa hiyo vipeo vya 2 vinarudi kwenye 1 baada ya hatua 64, na haviwezi kurudi mapema, kwa kuwa hatua ya 32 vilikuwa kwenye −1. Sasa inaingia kanuni inayosema kwamba 2 kwenye kipeo cha p − 1 lazima ibaki 1. Ili yote mawili yawe kweli, 64 lazima iigawe p − 1. Yaani p ni 64k + 1.

Ona jinsi orodha inavyonyauka. 65 si tasa. 129 si tasa. 193 ni tasa, inajaribiwa, haigawi. 257 ni namba ya Fermat, na tumeshaona hazishiriki vigawo, iruke. 321 na 385 si tasa. 449 inajaribiwa, haigawi. 513 si tasa. 577 inajaribiwa, haigawi. Inayofuata ni 641, na hiyo inagawa. Kugawanya mara nne tu kwa mkono.

Linaloniuma kila nikilisoma ni hili: ile kanuni ya p − 1 ni ya Fermat mwenyewe. Aliiandika kwenye barua ya Oktoba 1640, mwaka uleule. Silaha ya kuiangusha imani yake alikuwa nayo mkononi.

Kama hutaki hata kugawanya, kuna njia nyingine ya kuiona 641. Andika 641 = 5 × 2^7 + 1, kwa sababu 5 × 128 = 640. Andika tena 641 = 5^4 + 2^4, kwa sababu 625 + 16 = 641. Kutoka ya kwanza, kwa mabaki ya 641, 5 × 2^7 ni −1. Ipandishe kwenye kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni 1. Kutoka ya pili, 5^4 ni sawa na −2^4. Badilisha: −2^4 × 2^28 ni 1, yaani −2^32 ni 1, yaani 2^32 + 1 ni 0. Imegawanyika bila baki, na hujagusa namba yoyote yenye tarakimu kumi.

Msomaji_Kimya

Nimeichukulia karatasi na kalamu nikaifuata mstari kwa mstari. Imekubali. Mkuu, hii ni nzuri mno.

Bikari

Habari za humu wanajukwaa. Mimi ni mtu wa jiometri, na naona uzi unakaribia kupita bila kutaja jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote kuhusu namba hii.

4,294,967,295 ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande, kati ya zile za witiri tunazozijua, ambayo umbo lake lenye pande na pembe sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake.

Tangu enzi za Wagiriki ilijulikana namna ya kuchora umbo la pande 3, la 5 na la 15, na kuongeza mara mbili idadi ya pande kwa kugawa pembe nusu kwa nusu. Kwa karne nyingi hakuna aliyeongeza chochote. Tarehe 30 Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, akagundua kwamba pande 17 zinawezekana. Mwaka 1801 kwenye kitabu chake Disquisitiones Arithmeticae akatoa kanuni: umbo lenye pande n linachoreka kama n ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti, ukipenda ukizidisha na kipeo chochote cha 2. Kwamba nje ya hizo haiwezekani, uthibitisho kamili uliandikwa na Pierre Wantzel mwaka 1837.

Sasa hesabuni. Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano tu. Kila moja ama unaichukua ama unaiacha, kwa hiyo kuna michanganyiko 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32. Ondoa ule wa kutochukua chochote, zinabaki 31: 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257, na kuendelea. Ukizichukua zote tano unafika kwenye namba ya uzi huu. Vilevile hizo 31, ukiweka na 1, ndizo vigawo vyote vya 4,294,967,295. Namba inagawanyika kwa n ikiwa n inachoreka, na kinyume chake, kwa n zote za witiri tunazozijua.

Kuunganisha si kazi ngumu ukishakuwa na vipande. Chukua 3 na 5. Pembe ya katikati ya umbo la pande 5 ni digrii 72, ya pande 3 ni digrii 120. Weka 72 mara mbili, upate 144, kisha rudi nyuma 120. Zinabaki 24, ambayo ndiyo pembe ya umbo la pande 15. Bikari inafanya hivyo kwa kupiga mikato mitatu kwenye duara. Kwa kuwa vigawo vyetu vitano havishiriki chochote, mchezo huohuo unawezekana hadi mwisho.

Walioandika michoro yenyewe wapo. Ya pande 257 aliitoa Richelot mwaka 1832. Ya pande 65,537 aliishughulikia Johann Gustav Hermes kwa takriban miaka kumi, akamaliza mwaka 1894, na muswada wake wa kurasa zaidi ya 200 umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Wapo wanaomwona alipoteza muda. Mimi namheshimu sana. Kanuni ilisema inawezekana, yeye akakaa akaifanya.

Na kwa anayetaka kuhisi ukubwa wa umbo la pande 4,294,967,295: lichoreni kuzunguka dunia nzima kwenye ikweta, ambayo ni kilomita 40,075. Kila upande utakuwa na urefu wa milimita 9.3 hivi.

Nukta

Mwalimu Bikari, asante sana kwa hilo la vigawo 32. Sasa niwaonyeshe mahali ambapo orodha yako yote inajitokeza yenyewe.

Chukueni pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kila namba shufwa iandikeni 0, kila witiri iandikeni 1:

1
1 1
1 0 1
1 1 1 1
1 0 0 0 1
1 1 0 0 1 1
1 0 1 0 1 0 1
1 1 1 1 1 1 1 1

Someni kila mstari kama namba ya mfumo wa tarakimu mbili. Mnapata 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255. Mstari unaofuata ni 100000001, yaani 257. Ni ile orodha ya mwalimu, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja! Ukiuita mstari wa kwanza mstari wa 0, mstari wa 31 una moja thelathini na mbili tupu, na hiyo ndiyo 4,294,967,295.

Msomaji_Kimya

Subiri kwanza. Pembetatu ya Pascal imejuaje habari za bikari?

Nukta

Haijui, mkuu, ila zote mbili zimejengwa kwa matofali yaleyale. Mstari wa n ni viambata, yaani namba zinazokaa mbele ya x na vipeo vyake, unapofungua (1 + x) kwenye kipeo cha n. Ukijali tu kama ni shufwa au witiri, (1 + x)² ni 1 + x², kwa sababu 2x ya katikati ni shufwa na inageuka sifuri. Piga mraba tena: 1 + x^4. Tena: 1 + x^8. Weka x = 2, na hizo zinakuwa 3, 5, 17, 257, namba za Fermat zenyewe. Mstari wowote mwingine ni kuzidisha hizi: 6 ni 4 + 2, kwa hiyo mstari wa 6 ni 17 × 5 = 85. Na 31 ni 16 + 8 + 4 + 2 + 1, kwa hiyo mstari wa 31 unazikusanya zote tano.

Mstari wa 32 ni 1, sifuri thelathini na moja, kisha 1. Hiyo ni 2^32 + 1, ile ya 641. Pembetatu inaendelea na mtindo wake bila kujali, lakini kuanzia hapo hakuna mstari unaojulikana kutoa tena umbo la kuchorwa kwa bikari.

Kokotoa

Uzi umekaa vizuri huu. Naongeza sifa ambazo hazijaguswa.

Ya kwanza ni φ ya Euler, yaani idadi ya namba kuanzia 1 hadi n ambazo hazishiriki kigawo chochote na n zaidi ya 1. Kwa namba yetu unatoa moja kwenye kila kigawo tasa, kisha unazidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Vipeo vya 2 hapo ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31, kwa hiyo jibu ni 2^31 kamili, 2,147,483,648. Na kwa namba inayofuata, 4,294,967,296, ambayo ni 2^32, zisizoshiriki kigawo nayo ni witiri zote, na hizo pia ni 2^31. Majirani wawili, mmoja akiwa na vigawo tasa vitano tofauti na mwingine akiwa na 2 peke yake, wana φ ileile. Kati ya namba zote ambazo φ yake ni 2^31, namba yetu ndiyo witiri pekee. Ukienda hatua moja juu, kwenye 2^32, hutapata witiri hata moja, na kilichoharibu ni hiyo 641.

Ukitazama vizuri, φ ya namba yetu ni nusu ya n + 1. Jambo hilo ni kweli pia kwa 3, 15, 255 na 65,535, ambazo ni ukoo mmoja. Mtu angedhani ni mali ya ukoo huo. Lakini kuna mgeni: 83,623,935. Hiyo ni 3 × 5 × 17 × 353 × 929. Fanyeni hesabu: 2 × 4 × 16 × 352 × 928 = 41,811,968, ambayo ni nusu kamili ya 83,623,936. 353 na 929 si namba za Fermat, wala hiyo si kipeo cha 2 toa 1, na bado imekaa humo.

Jumla ya vigawo tuipite haraka: 4 × 6 × 18 × 258 × 65,538 = 7,304,603,328. Ukitoa namba yenyewe zinabaki 3,009,636,033, pungufu ya namba. Kwa hiyo si namba kamilifu, yaani ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vingine.

Inayonivutia zaidi ni 1 gawanya kwa 4,294,967,295. Kwa desimali inaanza 0.00000000023283064370807973... na inaonekana haina utaratibu. Utaratibu upo, ila ni mrefu: baada ya tarakimu ya kwanza, ambayo inaletwa na kile kigawo cha 5, tarakimu zinajirudia kila baada ya 65,536. Urefu huo unaamriwa na 65,537, ambayo vipeo vya 10 vinapita kwenye mabaki yake yote 65,536 kabla ya kurudi mwanzo. Vigawo vya 17 na 257 vina mizunguko ya 16 na 256, inayoingia humo bila baki. Andika sehemu hiyohiyo kwa mfumo wa tarakimu mbili, na mzunguko ni wa tarakimu 32 tu: sifuri thelathini na moja, kisha 1, halafu tena. Namba ni moja, ila kwenye mfumo wa kumi inajificha na kwenye mfumo wa mbili inajianika.

Biti32

Mkuu Kokotoa, hiyo ya mwisho imenifanya nikumbuke ubao wa sataranji, ile hesabu ya nafaka: punje moja kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu. Miraba 32 ya mwanzo, nusu ya ubao, jumla yake si ni namba yetu?

Tarakimu

Ni yenyewe, punje 4,294,967,295. Na ubao mzima ni 2^64 − 1, yaani 18,446,744,073,709,551,615. Hiyo ni namba yetu mara 4,294,967,297. Kwa hiyo jumla ya ubao mzima ina vigawo tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Nusu ya kwanza ya ubao ina namba tasa za Fermat zote tunazozijua, na nusu ya pili inapoingia ndipo wanaingia wale wawili wa Euler.

Msomaji_Kimya

Swali la mwisho wakuu. Mnasema "tunazozijua". Kwani baada ya 65,537 hakuna nyingine iliyo tasa?

Tarakimu

Haijapatikana, na wala haijathibitishwa kwamba haipo. F6 ilivunjwa na Landry mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Kuanzia F5 hadi F32 zote zinajulikana si tasa, lakini kujua kwamba si tasa na kujua vigawo ni vitu viwili. Zilizovunjwa hadi mwisho zinaishia F11. F20 na F24 tunajua si tasa, na hadi leo hakuna kigawo chao hata kimoja kinachojulikana. Hilo linawezekana kwa sababu ya kipimo cha Pépin cha mwaka 1877: ipandishe 3 kwenye kipeo cha (F − 1)/2, gawanya kwa F, angalia baki. Likiwa −1, F ni tasa. Likiwa lingine lolote, si tasa, na hujaambiwa kigawo ni kipi. F24 ilipimwa hivyo mwaka 1999.

Ya kwanza ambayo hali yake haijulikani ni F33. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Kwa kipimo cha Pépin ingebidi kupiga mraba mara bilioni 8.5 na zaidi, mmoja baada ya mwingine, kila mara kwa namba ya urefu huo. Kwa hiyo wanaoiwinda wanatafuta kigawo, na wanakitafuta kwa njia ya Euler ikiwa imenolewa na Lucas mwaka 1878: kigawo chochote tasa cha F33 lazima kiwe k × 2^35 + 1. Wanapita k moja baada ya nyingine.

Na endapo F33 yenyewe itakuja kuonekana ni tasa, orodha ya mwalimu Bikari itapanda papo hapo kutoka maumbo 31 hadi 63, na umbo kubwa jipya litakuwa na pande 4,294,967,295 × F33.